Tuta la Tromso

Kabla hajaanza kujifunza nchi ile, Immakulata alikuwa mtu wa salamu ndefu. Ukimwona anashuka njia ya kutoka kambini, jembe begani na mtoto ameshika kitenge chake, ujue kazi yako imesimama. Atakuuliza umeamkaje, mume wangu, baba Vestina, ameamkaje huko Kasulu alikokwenda kufyatua matofali, mama mkwe mguu unamwendeaje, mbuzi amezaa, muhogo ulioloweka umelainika au bado. Akifika mwisho anarudi mwanzo. Na huku anauliza anakupapasa mikono kuanzia mabegani hadi kwenye viganja, polepole, kama mtu anayehakikisha hujapungua.

"Immakulata," mama mkwe wangu, Theodosia, alikuwa anamwambia, "ukinisalimu tena kidogo jua litazama."

"Lizame tu, mama. Litatoka jingine."

Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, mumewe akabaki njiani, naye akafika huku Kibondo na mimba tumboni. Mimi nilikuwa na mimba ya Vestina. Tulijifungua masika yale yale, yeye chini ya turubai, mimi nyumbani. Mtoto wake akamwita Nkunzimana, sisi tukamfupisha tukasema Nkunzi. Alipopata nguvu alianza kuja kutulimia, kwa sababu shamba letu linatazamana na kambi, unashuka bondeni, unavuka kijito, unapanda umefika. Tulimpa muhogo na maharage, yeye akatupa mikono yake. Kiha chetu na Kirundi chake vinaelewana, kwa hiyo tulikuwa tunalima huku tunaongea, na watoto wanacheza kwenye vivuli vya migomba.

Ndipo siku moja nikamwuliza kitovu cha Nkunzi kiko wapi.

Kwetu kitovu cha mtoto kikianguka hakitupwi. Kinazikwa kwenye shina la mgomba wa nyumbani, na mgomba huo unakuwa wake. Ukimwuliza mtu kwao ni wapi, hasemi nilizaliwa hapa au pale, anasema kilipo kitovu changu. Kwao ni hivyo hivyo. Immakulata akachomoa kitu kiunoni, kwenye fundo la kitenge. Kilikuwa kikopo kidogo cha dawa ya kuchua ya Robb, cha bati, rangi imeshaanza kutoka.

"Kiko humu," akasema.

"Hujakizika mpaka leo?"

"Nikizike wapi? Kambini ni ardhi ya kuazima, Mama Vesti. Kesho wanatuhamisha, wanapitisha gari juu yake. Hakuna aliyezika. Kila mama ana kikopo chake anangoja kurudi."

Baada ya siku ile, kila nilipopita kambini kupeleka unga, niliziona zile nyumba za turubai kwa namna nyingine. Watoto wanakimbia nje, wanacheka, na ndani, chini ya magodoro na kwenye nguzo, vimechomekwa vikopo. Vinangoja.

Mwaka wa tisini na nane, mwanzoni, jina la Immakulata lilisomwa kambini kwamba amepata nchi ya kumpokea. Ndivyo walivyokuwa wanasema, kupata nchi, kama mtu anavyopata mtoto. Nchi yenyewe ni Norwei. Hakuna aliyeijua. Wakawekwa kwenye darasa, yeye na wenzake wachache, kwenye banda la mabati, na aliyewafundisha alikuwa Bwana Twalibu, mtoto wa mwenye duka moja pale Kasulu mjini, kijana mpole mwenye kofia safi, anayejua Kiingereza.

Immakulata alijifunza ile nchi kwa jembe. Hakuwahi kukaa darasani utotoni, na kitu asichokishika kwa mikono hakikai kichwani. Kwa hiyo alipotoka kwenye banda alikuja shambani na kuipanga. Tulikuwa tunainua matuta ya viazi. Akasema shamba letu linafanana na Norwei, kwa kuwa ni jembamba na refu na limelala kwenye mteremko, na pembeni yake kuna maji.

"Hapa chini kwenye kijito ni Oslo," akasema. "Mfalme anakaa hapa."

"Mfalme anakaa kwenye magugu yangu?"

"Basi mpalilie. Tunapanda. Tuta hili ni Trondheim, kuna kanisa la mawe la zamani, watu walikuwa wanalifuata kwa miguu kama hija. Hapa Bodo. Hapa Narvik, kuna treni inabeba mawe ya chuma. Bahari imeingia katikati ya milima kama vidole, kwa hiyo ukitaka kwenda kijiji cha jirani unachosikia mbwa wake wakibweka, unazunguka siku nzima." Alikuwa anataja mji, anapiga jembe, anataja, anapiga. Akafika tuta la mwisho juu, linalogusana na migomba yetu. Hapo akasimama, akafuta jasho. "Na hapa ni Tromso. Ndiko tunakokwenda mimi na Nkunzi."

Watoto walishika haraka kuliko mimi. Vestina akawa akitumwa kuchukua ndoo anauliza, "Iko Bodo au iko Narvik?" Mama mkwe akauliza nani amewageuza wajukuu wake Wazungu. Tukacheka. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua nzuri, udongo mweusi unameremeta, na tulikuwa tunacheka.

Halafu habari zikaanza kubadilika. Siku moja alisema kwamba huko Tromso jua linaondoka mwezi wa kumi na moja na kurudi mwezi wa kwanza. Halichelewi, haliingii mawinguni. Haliji. Na mwezi wa tano likishatoka halizami mpaka mwezi wa saba, linazunguka tu juu ya watu, kuku hawajui walale lini. Siku nyingine akasema ziwa linakuwa gumu, watu wanapita juu na samaki wako chini yao wanawatazama. Siku nyingine akasema angani hutokea mianga ya kijani, inatembea bila sauti, na watu wa zamani huko waliwakataza watoto kuipigia miluzi, isije ikashuka ikawachukua.

"Bwana Twalibu amesema hivyo?"

"Kasoma kwenye kitabu."

Iliyomsimamisha ilikuwa hii. Alikuja siku hiyo akakaa chini kwenye tuta la Tromso, hakuinua jembe.

"Ardhi yao inajifunga," akasema. "Msimu wa baridi inakuwa jiwe. Jembe linaruka. Nikamwuliza Bwana Twalibu, na mtu akifa? Akasema siku hizi wana mashine, lakini zamani, huko kaskazini, waliwaweka maiti kwenye kibanda, wamepangwa, wanangoja ardhi ifunguke ndipo wazikwe. Miezi, Mama Vesti. Wanakaa pale kwenye kibanda wanangoja."

Nilijua anawaza nini kwa sababu mkono wake ulikuwa kwenye fundo la kitenge.

"Wanafanana na sisi," akasema. "Naondoka kwenye kambi ya vikopo, nakwenda kwenye kibanda cha wanaongoja. Mtoto wangu atakanyaga wapi?"

Ndipo akaniomba. Akaomba kitovu cha Nkunzi kizikwe kwetu, kwenye migomba, karibu na cha Vestina, kabla hawajaondoka. Mimi ningekubali pale pale. Lakini ardhi ni ya ukoo wa mume wangu, na mume hayupo, na mwenye neno nyumbani ni mama mkwe.

Mama mkwe hakukasirika. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Immakulata nampenda," akaniambia. "Lakini kitovu ni mzizi. Leo unazika kitovu cha mtoto wa mgeni kwenye ardhi ya wajukuu zangu, kesho ni mwanamume mzima, anakuja na ndevu zake anasema kwetu ni hapa. Na mwenyewe atakuwa anasema kweli. Utamjibu nini?"

"Mama, wanakwenda mbali. Hawatarudi."

"Mwenye kitovu hurudi. Hata asipokuja kwa miguu. Mwambie hapana, na umwambie kwa adabu."

Nikamwambia kwa adabu. Immakulata aliitikia, "Ego," ndiyo, akainua jembe, akamaliza tuta lake. Siku ile aliondoka bila salamu ya kuagana. Nilidhani ameumia moyo. Haikuwa hiyo. Alikuwa ameanza mazoezi.

Kwa sababu kama mtoto hana pa kushikia huku, alijiambia, basi bora ashike kule mapema, kabla hajafika. Na kule alikuwa anakujua kwa mambo mawili makubwa aliyofundishwa. La kwanza, giza. La pili, Bwana Twalibu alikuwa amewaambia kwamba watu wa huko si wabaya, ila hawasalimiani njiani na wasiowajua. Unapita, anapita. Hata kutazamana sana si adabu.

Akamfundisha Nkunzi kupita.

Nilikuja kujua kisimani. Esteri, jirani yake wa turubai la pili, alikuwa anajaza ndoo na wenzake wawili.

"Ameshaolewa na barafu yule," akasema mmoja.

"Jana nimemsalimu bwakeye, ananipita kama nguzo. Na yule mtoto nyuma yake anatembea hivi." Yule wa pili akaonyesha, hatua fupi fupi, nyayo nzima chini, mikono imeingia kwenye nguo. "Nikamwuliza unaumwa miguu? Kimya. Eti wanajifunza kutembea juu ya barafu. Hapa kwenye vumbi."

"Msicheke," akasema Esteri. "Mimi nasikia kinachotoka mle ndani. Hakitoki kitu. Mtoto wa miaka minne anashinda ndani kutwa, na hakitoki kitu. Nyie mnasema anajiandaa kuondoka. Mimi nasema Immakulata alishaondoka. Huyo anayepita hapa ni mabaki."

Kwetu anayepita bila kusalimu ni mmoja kati ya wawili, mchawi au mtu aliyekwisha kufa, na kila mtu pale kisimani alilijua hilo tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

Nilikwenda kwanza kwenye banda la mabati, nikitaka kuona hicho kinachowafanya watu hivi. Darasa lilikuwa linaendelea. Nilisimama dirishani na mdogo wake Vestina mgongoni. Walikuwa wamefunga magunia kwenye madirisha mengine, jenereta inanguruma nje, na picha zinapigwa kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mabati na kulisukuma shuka kwa nyuma, kwa hiyo milima ile mieupe ilikuwa inavuta pumzi.

"Hii ni Tromso," akasema Bwana Twalibu. "Lile kanisa jeupe lililochongoka, kama mapaa yaliyoegemeana, ni kubwa na maarufu. Lile daraja refu linavuka bahari. Picha hii imepigwa saa sita mchana, mwezi wa kumi na mbili."

Taa zilikuwa zinawaka kwenye madirisha yote. Mbingu ilikuwa ya buluu nzito, ya kama kabla hakujapambazuka.

"Mchana wa nani?" mzee mmoja aliuliza nyuma, na wengine wakacheka kidogo.

Picha iliyofuata ilikuwa barabara. Watu wanatembea kwenye theluji, kila mmoja peke yake, wamevaa makoti mazito, nyuso ziko chini. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nkunzi alikuwa amekaa mbele, chini. Akainuka akaenda mpaka kwenye shuka. Kivuli chake kikaingia kwenye ile barabara, kidogo, cheusi, kikasimama katikati ya wale watu. Na hakuna aliyegeuka.

Najua ni picha. Nimesoma mpaka darasa la saba, najua picha haigeuki. Lakini mtoto aliposimama pale mwili wangu ulimngoja mmoja wao ageuke amwambie neno, na hakuna aliyegeuka, na mtoto naye hakugeuka kumtafuta mama yake. Alisimama kama mtu aliyefika.

Walipotoka nilimfuata Bwana Twalibu.

"Habari za kazi, Bwana Twalibu. Wewe umefika huko?"

"Nzuri, mama. Nifike wapi? Mwisho wangu Tabora, nilikwenda kuoa." Akacheka. "Nasoma kilichoandikwa, nageuza kwa Kiswahili. Mbona?"

Nikamweleza Immakulata anamfanyia nini mtoto. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Lakini mimi nilisema ni desturi ya njiani tu," akasema. "Nyumbani kwao wanaongea. Wanacheka, wanakula, wana majirani. Nilisema hivyo. Sikusema?" Akafikiri. "Labda nilisema haraka."

Kesho yake nikaenda kwa Immakulata. Ilikuwa mchana, jua kali la mwezi wa saba, lakini alikuwa ameziba kila tundu la turubai kwa matope na vitambaa. Niliinua blanketi la mlangoni, nikaingia na Vestina wangu mkononi, na macho yangu yakachukua muda. Immakulata alikuwa amekaa upande mmoja anachagua mchele. Nkunzi alikuwa amekaa upande wa pili, mikono ndani ya shati, uso kwenye nguzo. Mwanga uliingia na mimi na ukampiga mgongoni, na hakugeuka kuona nani ameingia. Mtoto gani hageuki mlango ukifunguka?

"Bwakeye, Immakulata."

Akachelewa kujibu, kama aliyesahau njia ya kupitia. "Bwakeye neza."

"Unafanya nini, dada yangu?"

"Namzoesha." Sauti ilikuwa ndogo. "Mwanzoni alilia. Sasa halii. Ameweza kunipita mimi, Mama Vesti. Hata usiku nikimshika hanishiki."

Vestina aliniachia mkono, akaenda mpaka kwa Nkunzi, rafiki yake tangu wanatambaa. Akainama akamtazama usoni kwa karibu sana, kama unavyotazama ndani ya chungu. Nkunzi alikuwa anamtazama vile vile, macho wazi, ila kama mtu anayetazama ukuta ulio nyuma yako. Vestina akarudi kwangu, akashika kitenge changu.

"Mama, twende," akasema. "Nkunzi hayumo."

Immakulata aliangusha ungo.

Tulimtoa nje siku ile. Mama yake mwenyewe alilirarua lile blanketi la mlangoni, akambeba, akamweka juani, akamwita jina lake, akamwambia yameisha, mwana wanje, mwanangu, salimia watu, ongea. Akamwimbia. Mtoto alikaa alipowekwa. Ukimpa chakula anakula. Ukimwinua anatembea, hatua zile fupi za barafu. Mwezi wa saba ukaisha hivyo, gari la kuwachukua limeshapangwa mwezi wa tisa, na Immakulata akawa anazunguka kambini na vijijini kumtafutia dawa, na kila aliyemwona alisema mwilini haumwi. Ya Norwei hakuyataja tena. Alisema neno moja tu kila alipokuja kwangu: "Nimempeleka mbele, Mama Vesti. Sasa hana huku na hana kule. Nitampandishaje kwenye ndege akiwa hayupo?"

Mwezi wa nane kwetu watu wanachoma mapori. Moshi unajaa mabonde, jua linakuwa sahani nyekundu unayoweza kuitazama kwa macho, mchana unageuka rangi. Siku moja ya moshi mzito mama mkwe alikuwa amekwenda kusali. Aliporudi alipita mbele yangu bila neno, akakaa kwenye kigoda jikoni, fimbo mapajani, akasahau kuvua kitambaa cha kichwani.

"Nimekutana na yule mtoto njiani," akasema baadaye.

"Nkunzi? Na mama yake?"

"Mama yake alikuwa nyuma, sikumwona mpaka baadaye kwa sababu ya moshi. Nilimwona mtoto anakuja peke yake katikati ya njia. Nikangoja anisalimu. Akazidi kuja. Nikasema, huyu mdogo, nimsalimu mimi. Mimi, Theodosia, nimemwanza mtoto salamu. Nikamwambia bwakeye, mjukuu wangu." Akaigeuza fimbo mapajani. "Mwanangu, amenipita. Majani ya njiani yamekauka sasa, hata kuku akipita unasikia. Sikusikia miguu yake."

"Anatembea taratibu, mama."

"Nimezika watu wengi. Najua anayetembea taratibu." Akavua kitambaa, akakikunja vizuri, mara mbili, akakifungua tena. "Nilisema mwenye kitovu hurudi. Nilisahau kuuliza asiye nacho kokote anafanya nini. Basi nimemwona. Anapita. Atapita hapa, atapita huko kwa mfalme wao, atapita tu." Akainuka kwa fimbo. "Kamwite mama yake. Aje na kikopo."

"Leo?"

"Sasa, kabla sijapata akili nyingine."

Walikuja jua likiwa bado juu, lile jekundu. Mama mkwe alikuwa ameshachukua jembe la mkono na chipukizi la mgomba alilolichimba mwenyewe. Nilidhani atakwenda kwenye migomba ya karibu na jiko, kilipo cha Vestina. Lakini Immakulata alisimama juu ya tuta la mwisho, viazi vimeshavunwa, udongo umebaki wazi.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "nakuomba, kama utakubali. Hapa."

"Hapa kwenye tuta? Kwa nini hapa?"

"Hapa ndipo Tromso."

Mama mkwe aliangalia lile tuta, akaangalia shamba lote linavyoshuka mpaka kijitoni. Wajukuu walikuwa wameshamfundisha na yeye, hata kama hakukiri. "Haya," akasema. "Akae huku na akae kule. Ardhi yangu haijafungwa, Mwenyezi Mungu shahidi."

Akachimba. Udongo wa juu ulikuwa wa moto kwa jua, vumbi tupu. Chini kidogo nilimwona anasita, anaweka kiganja ndani ya shimo, anakitoa. Akaniambia niweke na mimi. Ulikuwa baridi. Si baridi ya unyevu wa kijito, kwa kuwa tuta lile liko juu na halijawahi kushika maji. Ilikuwa baridi inayouma kwenye kucha. Immakulata alifungua kikopo, harufu ya dawa ikatoka bado, na ndani yake kile kitu kidogo kikavu, kama mbegu ya mmea usioujua. Akakiweka kwa mikono miwili. Mama mkwe akasimamisha chipukizi, akafukia, akakanyagia.

"Nkunzimana," akaita, kwa sauti ya kumwita mtoto aliye mbali shambani. "Hapa ndipo kwenu. Pasalimie."

Mtoto alikuwa amesimama alipoachwa. Vestina akaenda akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye tuta. Alitazama chini kwa muda mrefu. Halafu akachuchumaa, akatoa mikono yake ndani ya shati, akaiweka kwenye udongo, na akaanza kuupapasa kuanzia juu kwenye shina kushuka chini, polepole, kama mama yake alivyokuwa anatupapasa sisi mikono.

"Bwakeye," akasema. Sauti ilikuwa na kutu.

Immakulata alipiga magoti. Mama mkwe alimzuia kwa fimbo, asimguse kwanza. Maana mtoto alikuwa ameinamisha sikio upande wa ardhi, kama anayengoja, na sisi wote tukangoja naye, moshi umetuzunguka, hata ndege hakuna. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa, akainuka, akamsalimu mama mkwe, akanisalimu mimi, akamsalimu Vestina, akamgeukia mama yake akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto wa kawaida mwenye njaa.

Waliondoka mwezi wa tisa. Gari lilipita barabara ya chini ya shamba letu na Immakulata alikuwa amesimama anasalimia kila mtu, nyumba kwa nyumba, hata wasiomjua, na Nkunzi pembeni yake anafanya vile vile, mpaka vumbi likawafunika. Bwana Twalibu alinipungia mkono kutoka kiti cha mbele. Esteri alikuwa analia barabarani. Jioni yake alikuja nyumbani, kikopo chake mkononi, akakaa na mama mkwe jikoni, na mimi sikuwaingilia.

Sasa ni mwaka mwingine. Chipukizi limeshika. Lakini mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, migomba yote ikatoa majani, hilo likajifunga. Jani lake lilibaki limejikunja kama mwavuli mpaka mwezi wa kwanza, halikuoza, halikukua. Mwezi wa tano, mvua zimekatika na migomba mingine inajikunyata kwa ukame, hilo likafunguka. Jani juu ya jani, bila kupumzika, mpaka mwezi wa saba. Mume wangu alirudi kutoka Kasulu akalizunguka, akasema labda ni mbegu ngeni.

Mama mkwe hapiti pale bila kusimama. Anaegemea fimbo, anasema bwakeye, anauliza mtoto ameamkaje, mama yake ameamkaje, jua limetoka huko au bado. Akishauliza hatembei. Anakaa kidogo, kichwa kimeinama upande mmoja, kwa muda ule ule ambao mtu humngoja mwenzake ajibu. Kisha anaendelea na safari yake.

Sijamwuliza. Ila asubuhi nikienda kuchota maji na mimi napitia huko, na Vestina ananifuata, na sisi tunasalimia.